Hariri Katika Tundu la Sindano

Watu wengi wanunuao uzi wa hariri huununua kwa ajili ya mng'aro wake, na mng'aro huo, kwa hakika, ndio uitao macho ya mpita njia kabla hajaulizia bei. Walakini mimi, baada ya miaka mingi ya kushona kwa mkono, kwanza barazani kwa mama yangu na baadaye katika chumba changu mwenyewe chenye dirisha la mashariki, nimefikia imani kwamba fadhila kubwa ya uzi huu si kuonekana bali ni kufichika. Uzi wa pamba, uwe mwembamba kiasi gani, hukaa juu ya nguo kama kamba iliyolazwa mchangani. Uzi mwembamba wa hariri huingia baina ya nyuzi za nguo, ukajilaza humo, na jicho likapita juu yake lisiuone. Kwa sababu hiyo nimeuandika mwongozo huu hasa kwa ajili yako wewe unayetaka kushona mfarishi, yaani lile tandiko la vitambaa viwili vilivyotiwa pamba katikati na kushikanishwa kwa mishono mingi, au kupachika maua ya kitambaa kimoja juu ya kitambaa kingine, au kukunga upindo wa nguo ya thamani.

Yafaa kwanza ukijue kitu unachokishika. Kiwavi wa nondo wa hariri, alishwaye majani ya mforosadi, hujijengea kifukofuko kwa uzi mmoja usiokatika, ambao urefu wake hupata mita 600, au 900, na pengine kupita hapo. Uzi huo, ukitazamwa kwa darubini, ni nyuzi mbili zilizoambatanishwa kwa gundi, na gundi hiyo, ambayo ni karibu robo ya uzito wote, huondolewa kwa maji ya moto na sabuni, ndipo hariri ipatapo ulaini tunaoujua. Umbo la kila unyuzi si la mviringo bali lina pembe tatu, na pande zake hizo ndizo zirudishazo nuru kama kipande cha bilauri. Uzi uliozongolewa mzima mzima kutoka kifukofukoni huwa laini, imara na wenye mng'aro. Ama ule uliosokotwa kwa mabaki na kwa vifukofuko vilivyotobolewa, ambavyo nyuzi zake zimekatika vipande vipande, huwa na vinyweleo kidogo, na mng'aro wake ni wa upole zaidi. Wote wawili ni hariri halali, lakini wa kwanza ndio wa kushonea, na wa pili watarizi huupenda kwa kujaza maua na majani. Nawe ulishike neno hili moja, kwa kuwa nitalirudia mbele: hariri ni ndugu ya nywele na manyoya, haina nasaba na pamba wala kitani, na lile liziumizalo nywele za kichwa chako huiumiza hariri vilevile.

Wako mafundi wasemao kwamba hariri ikishonwa juu ya pamba huikata kama wembe, kwa hiyo huikataza isipokuwa juu ya hariri mwenzake. Hofu hiyo sikuiona ikithibitika katika kazi zangu, na ushahidi wa kale nao unaipinga. Miaka 400 iliyopita mafundi wa Satgaon, katika nchi ya Bengali, walikuwa wakitarizi mifarishi ya kitambaa cheupe cha pamba kwa uzi wa manjano wa hariri ya mwituni, ile itokayo kwa viwavi wasiofugwa kwa mforosadi, wakaijaza wanyama, majahazi na wawindaji, na Wareno wakaichukua mpaka kwao. Baadhi ya kazi hizo zimehifadhiwa hata leo katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert huko London, hariri ikiwa bado imelala juu ya pamba yake. Wala sisi wa mwambao hatukuwa mbali na maarifa ya uzi huu, maana Wareno hao hao, walipoandika habari za Pate katika karne ya 16, walizisifu nguo za hariri zilizofumwa kisiwani humo na kutafutwa na watu wa miji mingine ya pwani. Jambo la kuogopa si hariri kukutana na pamba, bali ni uzi mnene kukutana na kitambaa chepesi, na kosa hilo hulifanya hata mwenye uzi wa pamba.

Sasa nikupeleke sokoni, ambako ndiko madhara mengi yaanziapo. Kwetu neno hariri limekuwa jina la kila kitu king'aacho, na muuzaji anaweza kukupa kwa jina hilo uzi wa nailoni, au wa poliesta, au wa reyoni, bila hata kukusudia kukudanganya, kwa kuwa yeye naye aliuziwa kwa jina hilo. Mwaka mmoja nilinunua vijiti vinane vya uzi mwekundu kwa ajili ya mfarishi wa arusi ya binti wa ndugu yangu, nikapachika kwa uzi huo makorosho ya kanga pembe nne zote, kazi ya miezi miwili; nami nilipotia pasi ya mwisho, usiku wa kuamkia siku ya kupeleka vyombo, nikasikia chini ya pasi kitu kama utelezi wa nta, na nilipoinua nikaona mishono ya pembe moja imeyeyuka na kujikunja kuwa vitone vigumu vilivyoitafuna kanga. Sikulala usiku ule. Niliifumua pembe ile yote nikaishona upya kwa pamba, na asubuhi yake mfarishi ukaenda, lakini tangu siku hiyo hakuna uzi uingiao kikapuni mwangu usiojaribiwa kwa moto.

Jaribio lenyewe ni jepesi. Kata uzi wa urefu wa kidole, uushike kwa koleo ndogo juu ya sahani ya udongo, mbali na nguo na mbali na watoto, kisha uusogeze polepole kwenye mwali wa mshumaa. Hariri ya kweli hujikunja kuukimbia moto, huungua kwa uvivu, nayo ukiitoa motoni aghalabu huzimika yenyewe. Harufu yake ni ile ile ya unywele ulioungua, na majivu yake ni kijipunje cheusi ambacho ukikifinya baina ya vidole, baada ya kupoa, husagika kuwa unga. Uzi wa poliesta na nailoni huyeyuka, hutoa harufu kali isiyo ya kitu chenye uhai, na huacha tone gumu lisilovunjika kwa vidole. Uzi wa reyoni na wa pamba huwaka upesi kama karatasi, hunuka karatasi, na huacha majivu laini ya kijivu. Ukiisha kuyafanya haya mara tatu, pua yako itakuwa mwalimu wako, na hutahitaji tena maneno ya muuzaji.

Ama unene wa uzi, huo huandikwa kwa namba, na namba hizo huwapotosha wengi kwa kuwa huenda kinyume cha matarajio: kadiri namba inavyopanda ndivyo uzi unavyopungua unene. Namba 100 ni mwembamba kama unywele, nao ndio uzi wa kupachika na wa mishono yote itakiwayo kufichika. Namba 50 una nguvu ya kuunga vipande na kukunga pindo, na watu wa Ujapani, ambao kwa desturi kimono zao za hariri hushonwa kwa mkono, hutengeneza nyuzi nzuri za namba hizo. Namba 30 ni wa kudarizi pale utakapo mstari uonekane. Na chini ya hapo, kama namba 8, ni nyuzi nene za matundu ya vifungo na mapambo. Kama fedha yako haitoshi isipokuwa kijiti kimoja, nunua namba 100 wa rangi ya kijivu cha majivu au ya udongo mkavu, kwa maana uzi mwembamba kiasi hicho huazima rangi ya jirani yake, na kijivu kimoja kitakufichikia juu ya buluu, juu ya kijani, na hata juu ya zambarau. Ukiwa na uwezo wa kuchagua, basi fuata rangi ya kile kipande kinachopachikwa, usifuate rangi ya kitambaa cha chini, kwa sababu mshono huushika ukingo wa kipande, na hapo ndipo ungeonekana kama ungeonekana.

Sindano nayo iwe ya kiasi cha uzi. Kwa namba 100 mimi hutumia sindano ndefu nyembamba ya namba 10 au 11, yenye shina la unene mmoja toka tunduni hadi karibu na ncha, maana sindano nene hutoboa tundu ambalo uzi huu hauwezi kulijaza, na tundu tupu ndilo jicho la kwanza la mshono mbaya. Kata uzi usiozidi sentimita 45, yaani kutoka ncha ya kidole hadi kiwikoni. Wajua wapo wanaotaka uzi mrefu ili wasitunge mara nyingi, lakini kila mpito wa uzi kitambaani huukwaruza, na hariri iliyokwaruzwa mara 80 si hariri ile iliyotoka kijitini. Tunga ile ncha iliyotoka kwanza, ili uzi upite katika nguo kwa kulala kwa msokoto wake. Na ukiona unaanza kujipinda na kujifunga vitanzi, achia sindano ining'inie hewani ijizungushe yenyewe mpaka itulie, kisha uendelee.

Hapa ndipo waanzao huikasirikia hariri, kwa kuwa utelezi wake huifanya ichomoke tunduni kila baada ya mishono miwili, nao wakaiona ina kiburi. Dawa yake nilifundishwa na mama, naye hakuniambia aliitoa wapi. Kunja ncha ya uzi iwe kitanzi kidogo, ukipitishe kitanzi hicho katika tundu la sindano. Kisha ukipanue kwa kucha, uitie ncha kali ya sindano ndani yake, ukisukume kitanzi kishuke shinani mpaka kifike tunduni tena, na hapo uvute uzi mrefu polepole hata kikaze. Fundo hilo ni dogo hata kidole hakilihisi, hupita kitambaani bila kupasua, na uzi hautachomoka tena mpaka uukate. Kwa upande wa pili wa uzi, zungusha uzi mara nne katika ncha ya sindano, kisha uuvute hata fundo lijifunge mwishoni. Kwa pamba mara tatu zatosha, lakini hariri huteleza katika fundo lake kama mkunga mkononi, na ile mara ya nne ndiyo ishikayo.

Sasa tuutazame mshono mmoja kwa karibu, kwa kuwa ukiuelewa huo umeuelewa mfarishi mzima. Umekata, tuseme, korosho la kanga, ukaacha ukingo wa ziada wa milimita 5 kuzunguka. Umelilaza juu ya bafta nyeupe na kulishikiza katikati kwa bandi, yaani mishono ya muda. Anza mahali ulipo mstari ulionyooka, kamwe usianze penye ncha. Kunja ukingo kwa upande wa sindano yenyewe, sentimita mbili tu mbele yako, ukibana zizi kwa dole gumba la mkono wa kushoto, na zizi lile utalihisi chini ya kidole kama ukingo wa jani. Toa sindano kutoka chini, itokee juu kabisa ya zizi, ikiwa imeshika nyuzi mbili tu za kanga; kisha iteremshe katika bafta mahali pale pale, mkabala na ilipotokea, si mbele wala si nyuma, na iende chini kwa chini milimita 2 kabla haijatokea tena katika zizi. Usivute kila mshono. Shona mitatu au minne ikiwa imelegea, halafu uvute uzi kwa mkono mwepesi kufuata mstari wa mshono, na utaona, ukiinamisha uso, ule uzi ukizama kidogo kidogo, mshono wa kwanza ukitoweka, wa pili ukitoweka, mpaka ukingo wa korosho ukabaki umesimama peke yake juu ya bafta kana kwamba umeota hapo. Mkono ukizidi nguvu, bafta itakunjana. Ukipungua, zizi litapumua na kuinuka. Mizani ya mambo hayo mawili haiandikiki, lakini baada ya korosho la tatu au la nne vidole huipata.

Ukifika mwisho wa uzi, usitegemee fundo. Geuza kazi, piga mishono mitatu midogo ya kurudi nyuma mahali pamoja, chini ya kipande kilichopachikwa, kisha ipitishe sindano baina ya vitambaa kwa kiasi cha sentimita 2 na kukata, ili mkia ufichwe usije ukaonekana kama uzi wa giza chini ya kitambaa cheupe.

Kuhusu kudarizi, yaani ile mishono ipitayo katika tabaka zote tatu, nitasema machache, na baadhi yake si ya kuisifu hariri. Mfarishi wa kulalia kila siku, ufuliwao kila wiki na kuanikwa juani, udarizi kwa uzi wa pamba, nawe utakuwa umefanya jambo la busara. Hariri iweke katika mfarishi wa heshima, wa arusi, wa mtoto mchanga, wa kutundikwa ukutani. Tumia namba 50 au 30, sindano fupi, na subana, au kastabini kama waiitavyo wengine, katika kidole cha kati, kwa maana sindano ndogo isiyo na subana huishia nyamani. Fundo la mwanzo livute liingie ndani ya pamba, lisibaki mgongoni mwa kitambaa. Na kama mishono yako bado haijalingana, hariri namba 30 juu ya kitambaa cha rangi moja itautangaza upungufu huo kwa kila aingiaye chumbani, basi jizoeze kwanza kwa uzi wa bei nafuu.

Iko kazi nyingine ya hariri ambayo watu wengi hawaijui, nayo ni bandi. Wanaoshona mahameli, bushuti na sufu nyepesi hupiga bandi kwa uzi mwembamba wa hariri, ijapokuwa bandi ni mishono ya kuondolewa. Maana uzi wa pamba, ukipigwa pasi juu yake, huacha alama katika nguo kama alama ya kitanda cha kamba mgongoni mwa aliyelala, lakini hariri, kwa ulaini na wembamba wake, hupigwa pasi na kuvutwa, na mahali ilipopita pasijulikane. Uzi wa bandi hiyo usiutupe ukiwa bado mzima. Uzungushe katika kipande cha karatasi ngumu na kuutumia tena.

Swali la nta huulizwa sana. Nta ya nyuki huupa uzi nguvu na kuupunguzia kujipinda, nayo ni muafaka kwa kushikiza vifungo na kwa mishono ya ndani. Pitisha uzi katika nta, kisha uupige pasi ya moto mdogo baina ya karatasi mbili safi ili nta iingie ndani na ya ziada ibaki karatasini. Walakini nta hufisha mng'aro na huweza kuacha doa katika kitambaa cheupe, basi usiitie kabisa katika uzi wa kutarizia, wala katika uzi wa kupachikia juu ya bafta.

Kabla ya yote hayo, mikono. Ngozi ikiwa na mikwaruzo ya kazi za jikoni, kila mkwaruzo hushika unyuzi na kuuchomoa, na uzi ukaota nywele. Sugua viganja kwa kijiko cha sukari kilichotiwa matone ya mafuta ya nazi, kisha uyaoshe mafuta yote kwa sabuni na kukausha vizuri, kwa kuwa mafuta nayo ni adui wa hariri. Saa za kushonea kwetu pwani ni asubuhi kabla jua halijapanda, au baada ya alasiri upepo unapoingia. Mchana wa Kaskazi mikono hutoka jasho, na jasho lina chumvi ambayo huila hariri taratibu na kuibadilisha rangi. Weka leso safi mapajani, ujifute kila mara, na usiutie uzi mdomoni kuulowesha kama tulivyozoea: lowesha tundu la sindano badala yake, na uzi utaingia wenyewe.

Na kwa kuwa uzi huu hutiwa katika mavazi pia, yanipasa nimkumbushe msomaji Mwislamu kwamba katazo la hariri kwa wanaume lina kiasi chake, maana katika Sahihi Muslim imepokewa kwa Sayyidna Umar kuwa Mtume aliruhusu upana wa vidole viwili, au vitatu, au vinne. Basi darizi nyembamba ya shingoni mwa kanzu si jambo la kumtia mtu wasiwasi, na mwenye shaka amwulize mwanachuoni wake kabla hajatoa agizo kwa fundi.

Tuje sasa kwenye kufua, na hapa ulikumbuke lile neno la nywele. Dawa ya kung'arishia nguo, ile yenye klorini, usiiruhusu hata ikaribie ndoo yako, kwa kuwa huigeuza hariri kuwa ya manjano na kuiyeyusha. Vivyo hivyo soda na sabuni kali za unga. Kwanza ujaribu rangi: lowesha kitambaa cheupe, ukikandamize juu ya mshono upande wa ndani kwa dakika kadhaa, na ukiona rangi imehamia, kazi hiyo usiifue kwa maji. Kama rangi ni thabiti, chukua maji ya uvuguvugu ambayo mkono hauyahisi kuwa ya moto wala ya baridi, sabuni laini ya kiasi kidogo, na uikandamize kazi majini bila kuisugua, kwa maana hariri iliyolowa hupungukiwa na sehemu ya nguvu zake. Usiiloweke usiku kucha. Suuza mara mbili, na katika maji ya suuzo la mwisho tia kijiko kimoja cha siki nyeupe kwa kila lita 4, ili masalia ya sabuni yaondoke na mng'aro urejee. Usikamue. Ilaze juu ya taulo, uviringishe pamoja, ubonyeze, kisha uianike kivulini ikiwa imelala bapa, kwa kuwa mfarishi uliolowa ukitundikwa kambani uzito wake wote huivuta mishono. Pasi iwe ya moto mdogo, upande wa ndani, na kitambaa chembamba juu yake.

Liko jambo la mila ambalo nalitaja kwa heshima. Kitanda cha maarusi hunyunyizwa marashi na kutawanywa asumini, na uturi hupakwa nguoni. Lakini marashi yenye spiriti hudhuru hariri, mafuta ya uturi hayatoki, na asumini zikinyauka huacha madoa ya kahawia. Maua yawekwe juu ya shuka ya pamba iliyotandikwa kuufunika mfarishi, nao udi ufukizwe chumbani kabla mfarishi haujaingia.

Katika kuhifadhi, maadui ni mwanga, unyevu na wadudu. Jua la dirishani huidhoofisha hariri na kuipausha hata kama ni nuru ya saa mbili tu kila siku, kwa hiyo vijiti vya uzi vikae ndani ya sanduku, kila kimoja kimefungwa kwa kijitambaa cha pamba ili ncha isiteleze na kuchanganyika na wenzake. Usitumie mipira ya kufungia, ambayo huoza na kuacha rangi, wala gazeti, ambalo wino wake huhama. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu ndani, na katika mwezi mmoja wa Masika utakuta uzi umefanya kawa. Sanduku la mbao ni zuri, lakini mbao zenyewe hutoa asidi, basi litandike kwa marekani iliyofuliwa mara kadhaa. Nondo na wadudu wa nguo hula hariri pia, si sufu tu, hasa ikiwa na jasho au chembe za chakula, kwa hiyo kinga ya kwanza ni usafi. Karafuu na kafuri zikitiwa, zitiwe ndani ya vifuko, pembeni mwa sanduku, zisiguse uzi wala kazi. Mfarishi uviringishwe badala ya kukunjwa; na ukilazimika kuukunja, badilisha mistari ya mikunjo kila uutoapo.

Huenda ukarithi kikapu cha uzi wa kale, nawe ukaufurahia kwa rangi zake zisizopatikana tena. Usiushone kabla hujaujaribu: shika kipande cha sentimita 30 uuvute kwa nguvu ya kawaida, na ukikatika bila kunyumbuka, uweke kama kumbukumbu tu. Nyeusi na kahawia ndizo za kushukiwa kwanza, kwa sababu rangi hizo zamani zilitiwa kwa chumvi ya chuma, nayo huiozesha hariri kutoka ndani. Wenye viwanda wa karne ya 19 walikuwa pia na desturi ya kuzirudishia nguo za hariri uzito uliopotea kwa kuondolewa gundi, kwa kuzitia chumvi za madini kama bati. Ndiyo sababu mifarishi mingi ya viraka vya hariri iliyoshonwa Marekani katika miaka ya 1880, wakati ambapo kazi hiyo ilikuwa shauku ya nyumba nyingi, leo imepasukapasuka vitambaa vyake, ilhali mara nyingi mishono ya kutarizi iliyovizunguka ingali imara, imesimama kuzunguka mahali ambapo kiraka kilikuwapo.

Masika yakiisha na upepo wa Kusi ukakauka, chagua asubuhi moja isiyo na mawingu, ufungue sanduku, uutoe mfarishi na kuulaza kivulini kwenye mkeka uliotandikwa shuka safi, uupitie pembe kwa pembe kwa kidole na kwa jicho, na pale mshono ulipolegea uushike kabla haujafumuka. Kwa ajili ya siku hiyo, kila nimalizapo kazi, hukata mita 10 za uzi ule ule nilioushonea, nikauzungusha katika kipande cha karatasi nyeupe, nikaandika namba yake kwa kalamu ya risasi, na kuushikiza kwa bandi mbili ndani ya pembe ya mfarishi, upande usioonekana.